Karatasi za Mzee wa Kagunguli

Watu wengi hushuka Lamadi kubadili gari tu. Lami ya kutoka Bariadi inaishia hapo, inakutana na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari, na pale zinapokutana ndipo mji umeota: stendi, maduka ya simu na vipuri, mabanda ya mama lishe, na bodaboda wanaogombania abiria hata kabla hajakanyaga chini. Kondakta hajakuuliza unakwenda wapi, begi lako keshalishika. "Bunda, Bunda! Musoma mmoja!" Ukimwambia umefika, anakutazama mara mbili.

Mimi nilikuwa nimefika. Safari yangu ilikuwa ya Ukerewe, kwenye kijiji cha Kagunguli alikoishi mtunzi Aniceti Kitereza, lakini rafiki mmoja wa Bariadi aliniambia nisivuke maji kabla sijaonana na mwalimu mstaafu anayeishi Lamadi. "Ana kile kitabu, chapa ya kwanza kabisa," alisema, "na ana barua." Neno la pili ndilo lililonishusha kwenye Hiace.

Simiyu ni mkoa wa pamba na ng'ombe. Ulianzishwa mwaka 2012, na katika wilaya zake zote ni Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria. Lamadi iko ukingoni mwa Busega: magharibi ni maji ya Ghuba ya Speke, na ukisonga kidogo kaskazini, upande wa Bunda, unakuta geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Kwa hiyo mkulima wa hapa anaishi na sangara mlango wa mbele na tembo mlango wa nyuma. Mazao yakikaribia kukomaa, watu hukesha mashambani na tochi na madebe. Bodaboda aliyenipeleka upande wa Lukungu alinionyesha shamba la mahindi lililolazwa chini lote. Hakuongeza neno, akaongeza mwendo.

Mwalimu nilimkuta ameketi chini ya mwembe, redio pembeni. Jina lake ameniomba nisilitaje, na nitalificha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka."

Nikaitikia salamu hiyo ya Kisukuma kwa lafudhi ambayo hata mke wake, aliyekuwa akianika dagaa kwenye chandarua, aliisikia akacheka. Tukaletewa chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye sinia. Hakuna mazungumzo ya maana Usukumani yanayoanza mdomo ukiwa mtupu, na mzee hakutaka kusikia shida yangu mpaka vikombe vimeisha.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu kimefungwa kwa kipande cha kanga. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*, Tanzania Publishing House, 1980. Kurasa zaidi ya 600. Mgongo wake uliwahi kukatika, na mzee ameushona upya kwa uzi wa nailoni, uleule wa kutengenezea nyavu, mishono midogo iliyopangwa kwa subira. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi, hati mbili tofauti. Moja yake. Nyingine ya rafiki yake, Mkerewe, mwalimu mwenzake aliyefundisha naye kisiwani katika miaka ya 1980, sasa marehemu.

Kitereza mwenyewe mzee hakumkuta. Alifika Ukerewe mtunzi ameshafariki.

Wengi wetu tunalijua jina la Kitereza na hatujui lililompata, kwa hiyo nilieleze hapa. Alizaliwa mwaka 1896, wa ukoo wa Abasilanga waliotawala Ukerewe. Alisoma misheni Kagunguli, kisha akapelekwa Seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alikaa miaka mingi akajifunza Kilatini na Kijerumani. Upadre hakuuendea. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto waliowapata walikufa wote, na yeye mwenyewe akaja kushikwa na maradhi ya viungo yaliyomtesa mpaka uzeeni. Katika hali hiyo, akitiwa moyo na padre mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, alikaa akaandika kwa Kikerewe kisa cha mume na mke waliokosa mtoto, wakweze wakamchukua binti yao, na mume akafunga safari ya kumrudisha. Alimaliza mwaka 1945. Ndani ya kisa hicho aliweka kila alichohofia kitapotea: jinsi ya kulima, kuvua, kutibu, kuposa, kupika pombe ya ndizi, kuzika.

Halafu karatasi zikaanza maisha yake. Padre Simard alizichukua ili azitafsiri kwa Kifaransa. Akafa katika miaka ya 1950, kitabu hakijatoka. Miaka ikapita. Mwaka 1968 wakafika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig, mtafiti wa historia, na mkewe Charlotte. Walikwenda kutafuta habari za biashara ya zamani ya Wakerewe, wakakuta mzee mwenye riwaya. Ndipo Kitereza, aliyekwisha kupita miaka 70, na vidole vile vyenye maumivu, alipoitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili ili ipate kuchapishwa. Baada ya akina Hartwig kurudi kwao waliendelea kuandikiana naye, na mwaka 1972 wakamwandikia makala katika jarida la fasihi ya Kiafrika huko Marekani. Hivyo dunia ya wasomi ilianza kumjua mtunzi wa Kagunguli kabla hajawa na kitabu hata kimoja dukani. Kitabu kilitolewa na TPH, kampuni iliyokuwa chini ya Walter Bgoya, kikachapwa China. Mtunzi alifariki mwaka 1981, na nakala zilipofika nchini hakuwapo tena kuzishika.

Miaka 36, basi, tangu nukta ya mwisho mpaka kaburini.

"Unaona ilivyokuwa," Mwalimu alisema. "Padre angekuwa mzembe, hakuna kitabu. Wamarekani wangekuwa na haraka, hakuna kitabu."

Nikamuuliza habari za barua. Hakujibu, akamwita mjukuu wake, wakatoa chini ya kitanda sanduku la bati, lile la kupelekea watoto bweni. Lilipofunguliwa ilitoka harufu ya mwarobaini mkavu. Majani yametandazwa chini, katikati na juu, na kati ya majani, barua. Zilikuwa za yule rafiki yake Mkerewe, alizomwandikia baada ya Mwalimu kuhamishiwa huku, na karibu zote zinamzungumzia Kitereza.

Nilisoma moja nikiwa nimeishika kwa ncha za vidole. Karatasi ya daftari la mistari, wino wa buluu uliofifia na kuelekea kahawia kwenye mikunjo, na kona moja imeliwa na mchwa kwa ustadi, wamekula ukingo wakaacha maandishi. Ilianza kama barua zote zilivyokuwa zikianza: salamu nyingi, ama baada ya salamu mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu, nia na madhumuni ya barua hii. Halafu, bila kupumua, mwandishi anaingia ukurasa fulani wa kitabu na kubisha. Anasema ndizi za pombe kwao hazifukiwi shimoni kwa namna ambayo Mwalimu ameielewa. Anaeleza shimo linavyopashwa moto, majani yapi yanatandazwa, siku ngapi zinangojwa. Pembeni amechora shimo lenyewe, na mshale. Mwisho anaomba atumiwe mbegu za choroko.

Barua kama hiyo haitaingia kwenye historia yoyote ya fasihi, na mimi nadhani ingestahili. Pale kuna msomaji mmoja akimfundisha mwingine jinsi ya kusoma riwaya, kwa ushahidi wa mikono yake mwenyewe.

"Na zako ulizomwandikia?" niliuliza.

Mzee alikunja midomo. Baada ya msiba, alisema, alikwenda Ukerewe kuhani. Familia ilikuwa imehama nyumba, vijana wakawa wameuza makaratasi yote kwa kilo. Muuza karanga sokoni alikuwa akiyafungia karanga. "Sikutaka hata kununua. Ningekutana na hati yangu."

Jioni tulitembea hadi ufukweni. Ghuba imeingia nchi kavu kwa urefu mkubwa, na Lamadi iko karibu na mwisho wake wa mashariki, kwa hiyo Ukerewe huioni kutoka hapa. Unaona maji tu yakielekea jua linakotua, na mitumbwi ya dagaa ikitayarisha taa. Wavulana walikuwa wakichambua nyavu. Mwalimu aliniuliza kama najua aliyeitwa Speke alipita wapi.

Hapa hakupita. John Hanning Speke aliliona ziwa karibu na Mwanza mwaka 1858, akakaa siku chache, akarudi Tabora. Safari yake ya pili ilizungukia magharibi mwa ziwa. Aliyepita kwenye maji haya ni Henry Morton Stanley, Machi 1875, na mashua yake ya vipande, akayapa jina la mwenzake. Lakini ukitaka kumsoma Speke kwa mwandiko wake huna shida. Kitabu chake cha 1863 kilichapwa na Blackwood wa Edinburgh. Uandishi wake ulikuwa mbovu kiasi kwamba mchapishaji alimkodi mwanahistoria wa Kiskoti, John Hill Burton, ausafishe, na habari hiyo tunaijua kwa sababu barua na rasimu zilitunzwa: zimo kwenye Maktaba ya Taifa ya Scotland. Karatasi za Stanley ziko Tervuren, Ubelgiji. Za wamisionari wa Kianglikana waliouawa Ukerewe mwaka 1877, Shergold Smith na O'Neill, zinasomwa katika nyaraka za chama chao huko Birmingham. Shajara za mapadre wa White Fathers, ambao kanuni yao iliwataka kila kituo kiandike mambo ya kila siku, ziko Roma. Mtoto wa Lamadi akitaka kujua yaliyoandikwa juu ya ghuba anamooga, atafute pasipoti.

"Edinburgh," Mwalimu alirudia. "Si ndiko alikotoka yule wa *Kisiwa chenye Hazina*?"

Ndiko. Shuleni alikuwa amesoma tafsiri ya Frederick Johnson, ile iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1920, bila kujali sana nani aliandika. Alichokumbuka ni ramani na mtu wa mguu mmoja. Nikamweleza habari za Robert Louis Stevenson, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1850, mgonjwa wa kifua tangu utotoni, akahama nchi hadi nchi akitafuta hewa, mwisho akajenga kisiwani Samoa, mahali paitwapo Vailima, akafia hapo Desemba 1894 akiwa na miaka 44. Kutoka huko alimwandikia rafiki yake wa London, Sidney Colvin, barua ndefu zilizosafiri kwa meli. Colvin alizitunza. Mwaka uliofuata kifo cha Stevenson zilikuwa kitabu. Mjane wake Fanny alipofariki mwaka 1914, makaratasi yaliyobaki yalipigwa mnada New York, yakatawanyika kwa matajiri. Mmoja wao, Edwin Beinecke, akatumia miaka kuyakusanya, akakipa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1994 na 1995 Yale ikatoa barua zake zote zilizopatikana, mabuku manane, karibu barua 2,800.

Mzee alinyamaza, akahesabu. Kisiwa. Ugonjwa. Rafiki ng'ambo. Riwaya.

"Kumbe ni Kitereza," alisema. "Ila yule aliandikiana na watu wenye makabati."

Nimesoma makala nyingi za wataalamu juu ya nyaraka, sijaona iliyolisema jambo hili vizuri zaidi. Barua haitunzwi na aliyeiandika, ameshaiachia posta. Inatunzwa na aliyeipokea, na kama huyo hana mahali pakavu, au warithi wake hawajui ni nini, mtunzi anakufa mara ya pili. Tunapenda kusema Waafrika hatuna utamaduni wa kuandika. Lile sanduku la bati lilinifanya niione kauli hiyo kuwa ya uvivu. Tumeandika sana; nchi hii imeendeshwa kwa barua kwa vizazi, za wachumba, za vyama vya ushirika vya pamba, za wanafunzi wa bweni wanaodai nauli. Tulichokosa ni kabati.

Na pale kabati lilipokuwapo, matunda tumeyaona. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, akihamishwa huku na huku, Pangani, Longido, Mpwapwa, Tanga, na kote huko alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge. Ulenge alitunza. Mwaka 2002 Mugyabuso Mulokozi alizihariri na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikazitoa: *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*. Bila ndugu huyo tungekuwa na Shaaban wa vitabuni peke yake, mwenye maadili mazito. Kwenye barua tunamkuta mtu mwenye familia, mwenye kazi ya ofisi, anayehangaika na wachapishaji.

Kwa Kitereza nako mnyororo haukukatika wote. Wilhelm Möhlig alitafsiri riwaya kwa Kijerumani, ikatoka kwa sehemu mbili, 1991 na 1993. Gabriel Ruhumbika, mtunzi wa *Miradi Bubu ya Wazalendo* na mwana wa Ukerewe, aliirudia Kikerewe yenyewe akaitafsiri kwa Kiingereza. Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Bgoya baadaye, wakaichapa mwaka 2002. Yaani mswada wa 1945 ulikuwapo, unasomeka, zaidi ya nusu karne baadaye. Lakini riwaya katika Kikerewe chenyewe, lugha ambayo mzee aliandika ili isipotee, mpaka mwaka huo ilikuwa haijapata kuchapwa. Mjerumani na Mwingereza walikisoma kitabu kwa lugha zao, Mkerewe akingoja.

Swali linalofuata ni barua za mtunzi Euphrase Kezilahabi ziko wapi. Naye ni wa Ukerewe, wa Namagondo, alizaliwa 1944. *Rosa Mistika* ya 1971 ilimpa jina na ikamletea marufuku mashuleni. *Nagona* na *Mzingile* ziligeuza riwaya ya Kiswahili. Alifundisha Dar es Salaam, kisha Botswana, akafariki Januari 2020. Mtu wa namna hiyo alikuwa na wanafunzi nchi nyingi, wahariri, marafiki, jamaa kisiwani. Aliandika barua. Baadhi yake bila shaka ziko mahali sasa hivi, kwenye droo ya mtu anayedhani ni karatasi tu.

Asubuhi nilipanda gari la Bunda, nikabadili kwenda Kisorya, kwenye kivuko cha Rugezi. Kivukoni kuna joto, kuna mbuzi, kuna wanawake waliouza nanasi na machungwa ya kisiwani wanaorudi na matenga matupu. Kagunguli nitaiandikia siku yake. Ina misheni, ina wazee, na haifai kubanwa kwenye aya moja. Ninaloweza kusema hapa ni kwamba niliingia kisiwani nikiwa na maswali tofauti na yale niliyotoka nayo Bariadi. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza Kitereza aliandika nini. Nikawa nauliza nani alipokea.

Kabla sijaondoka Lamadi, Mwalimu alikubali nipige picha barua zake kwa simu, mbele na nyuma, mjukuu akishika karatasi na mimi nikishika mwanga. Kijana huyo alilisoma lile shimo la ndizi kwa sauti, akauliza kama bado kuna mtu anayelichimba. Mzee akamwambia, nenda ukaone. Tulimaliza giza limeingia, na tulikubaliana kwamba nakala zitakwenda sehemu mbili: kwa watoto wa marehemu, ambao ndio wenye neno la mwisho juu ya mwandiko wa baba yao, na wakikubali, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, hasa ukiwa wa Ukerewe, Bunda, Busega, Magu au Mwanza. Kama nyumbani kwenu kuna barua ya Kitereza, ya Kezilahabi, au ya mwalimu asiyejulikana aliyebishana juu ya kitabu, usiiuze kwa kilo wala usiipeleke kutiwa nailoni stationari, maana ikishatiwa haitoki. Iweke pakavu, palipoinuka kutoka sakafuni, mbali na mchwa. Ipige picha pande zote mbili, uandike nani alimwandikia nani. Halafu peleka nakala Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina sheria yake tangu 2002 na kazi yake ni hiyo, au Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani. Na bahasha usiitupe wala usiibandue stempu: tarehe iko kwenye muhuri wa posta.